Ikiharibika Nitampigia Nani? Kuandaa Wasilisho la Kuitambulisha Kampuni ya Kompyuta kwa Mteja Mpya

Hotuba iliyotolewa mbele ya wauzaji na mafundi wa kampuni za kompyuta jijini Nairobi

Mheshimiwa Mwenyekiti, wakurugenzi mliofika, mafundi, na nyinyi vijana mnaobeba mikoba ya mauzo kutoka ghorofa moja hadi nyingine, nawashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie maandalizi ya wasilisho la kuitambulisha kampuni ya kompyuta kwa mteja ambaye hajawahi kununua kwetu hata kipanya, nami nitabaki humo humo. Zabuni za serikali nitaziacha, kwa sababu zile huamuliwa na karatasi zaidi ya maneno.

Kuna methali ambayo muuzaji asiyependa kujiandaa huishika kama ngao: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Huenda ina kweli kwingineko, lakini katika biashara yetu haimsaidii mtu. Mteja akishuka kwenye matatu mjini, akatembea Moi Avenue, akaingia Luthuli na kutokea River Road, atakuta maduka chungu nzima yenye kompyuta zilezile za HP, Dell na Lenovo, zenye kichakataji kilekile na kumbukumbu ileile, kwa bei zinazokaribiana. Kizuri kiko kila duka, tena kimepangwa dirishani. Mteja hana sababu ya kukuchagua wewe kwa ajili ya mashine, maana mashine hiyo hukuiunda wewe na jirani yako anayo pia. Hata majina tunayoyategemea hubadilisha wamiliki: kompyuta ya mkononi ya ThinkPad, ambayo watu waliizoea kuwa ya IBM ya Marekani, ilihamia Lenovo ya Uchina mwaka 2005, na mtu aliyekuwa nayo mezani hapa Nairobi wala hakuhitaji kujua mkataba huo ulitiwa saini wapi. Alichohitaji ni nambari ya simu ya aliyemuuzia, na kwamba simu hiyo ikipigwa itapokelewa.

Ndiyo maana ninashikilia kwamba mteja mpya, akiketi kutusikiliza, ana swali moja kubwa moyoni hata kama adabu inamzuia kulitamka: ikiharibika, nitampigia nani, naye atafika lini? Mengine yote tunayoyasema, kuanzia historia ya kampuni hadi kasi ya kichakataji, anayapima kwa swali hilo. Wasilisho lililoandaliwa vizuri hulijibu kabla halijaulizwa, na maandalizi yote nitakayoyaeleza leo yanaelekea hapo.

Kazi ya kwanza haifanyiki kwenye kompyuta yako. Hufanyika ofisini kwa mteja, siku kadhaa kabla ya wasilisho, na ni kazi ya macho na masikio. Tuchukue mfano wa Sacco ya ukubwa wa wastani, yenye makao makuu hapa mjini na tawi moja Machakos. Omba ruhusa kwa meneja uje uone mazingira, na ukiruhusiwa usiishie kwenye kiti cha meneja. Msalimie karani wa dirishani, kwa kuwa yeye ndiye anayejua ni kompyuta ipi huganda siku ya mishahara, foleni ya wanachama ikiwa imefika ngazini. Uliza printa ipi hukwama. Angalia kama seva imewekwa kwenye chumba chenye hewa au imesukumwa chini ya meza pamoja na ndoo ya kupigia deki; nimeziona za namna zote mbili. Uliza nani hutengeneza sasa, anaitwaje akihitajika, na mara ya mwisho alikuja baada ya muda gani. Uliza nakala rudufu za hesabu za wanachama huwekwa wapi. Jibu likiwa ni kwamba zimo kwenye kompyuta ileile yenye hesabu zenyewe, basi umekwisha kupata nusu ya wasilisho lako.

Mshenga anayeijua kazi yake hafiki kwa wakwe akaanza kuhesabu ng'ombe wa bwana harusi kabla hajajua ameketi mbele ya nani. Sisi wa kompyuta tuna tabia hiyo mbaya. Tunafungua na ukurasa wa dira na dhamira, unafuata ukurasa wa ramani ya dunia yenye mistari ya buluu, kisha picha ya watu wawili tusiowajua wakipeana mikono. Dakika kumi zimekwisha na mhazini wa Sacco bado hajasikia neno lolote linalomhusu. Ushauri wangu ni kwamba maelezo ya kampuni yaenee kwenye ukurasa mmoja tu: tumesajiliwa, ofisi yetu iko barabara fulani na jengo fulani, tuna mafundi kadhaa walioajiriwa na si wa kuitwa kwa kibarua, tumeidhinishwa au hatukuidhinishwa na mtengenezaji fulani kutoa huduma ya dhamana, na hawa ni wateja wawili au watatu waliokubali mpige simu kuwauliza habari zetu. Neno la kuzingatia hapo ni waliokubali. Kuweka nembo ya benki kubwa kwenye ukurasa wako kwa sababu uliwahi kuwauzia katriji mbili za wino ni jambo litakaloulizwa siku moja, na kwa kawaida huulizwa mbele ya watu.

Baada ya ukurasa huo, nendeni moja kwa moja kwenye siku mbaya. Elezeni kwa utaratibu, hatua kwa hatua, nini hutokea kompyuta ya dirishani inapozimika saa tatu asubuhi. Karani anapiga nambari gani, na nambari hiyo ni ya ofisi au ni ya mtu mmoja ambaye huenda yuko matangani Kisii? Tatizo linaandikwa wapi ili lisisahauliwe? Fundi atafika baada ya muda gani kwa ofisi ya mjini, na baada ya muda gani kwa tawi la Machakos, mkikumbuka kwamba Mombasa Road haimheshimu mtu yeyote aliyeahidi saa moja? Ikionekana kwamba mashine lazima ibebwe hadi karakana, je, mtaacha nyingine ya kuazima ili dirisha lisifungwe? Ni spea zipi mnazo stoo, na zipi lazima ziagizwe kutoka nje? Maswali haya ndiyo mwili wa wasilisho, na yastahili nusu ya muda wenu wote.

Hapa niseme na wauzaji kwa ukali kidogo. Majibu ya maswali hayo si yenu kuyatunga. Kaeni na mkuu wa mafundi, mpitie kila ahadi mstari kwa mstari, na asichoweza kukitimiza kifutwe. Muuzaji akiahidi kwamba fundi atafika ndani ya saa mbili mahali popote jijini, huku kampuni ina mafundi watatu na pikipiki moja, ameuza kitu ambacho hakipo. Afadhali kusema saa sita za kazi na kufika kwa saa nne. Mteja wa Nairobi amezoea ahadi kubwa, kwa hiyo ahadi ndogo iliyoandikwa, yenye jina la mtu anayewajibika na nambari ya pili ya kupiga endapo ya kwanza haipokelewi, humgutusha zaidi ya maneno matamu.

Dhamana nayo ielezwe kwa ukweli uleule. Watu wengi husikia dhamana ya mwaka mmoja wakadhani kila kitu kimefunikwa. Waambieni wazi kipi ni dhamana ya mtengenezaji na kipi ni dhamana yenu, na kwamba chai iliyomwagika juu ya kibodi, au kompyuta iliyopigwa na stima iliyorudi kwa nguvu, kwa kawaida haimo. Mkifika hapo, mna nafasi nzuri ya kuzungumzia stima yenyewe. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya nchi ilizimika, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia giza, na hakuna mtu katika chumba kile atakayehitaji takwimu ili akubali kwamba UPS, yaani kile kifaa cha betri kinachoshikilia kompyuta stima ikikatika, ina maana. Lakini elezeni kwa lugha nyepesi kwamba UPS ndogo huwapa dakika chache za kufunga kazi na kuzima kwa usalama, haiwapi mchana mzima wa kazi. Nasikia mara nyingi zikiuzwa kana kwamba ni jenereta. Kisha lawama humfikia fundi, ambaye hata hakuwa kwenye kikao kile.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo kwa sasa linastahili kuwamo karibu katika kila wasilisho la mteja mpya, nalo ni habari ya Windows 10. Microsoft ilikoma kutoa usaidizi wa kawaida wa mfumo huo tarehe 14 Oktoba 2025, na maana yake ni kwamba kompyuta itaendelea kuwaka kama jana, ila mianya mipya ya usalama haizibwi tena bila mpango maalumu wa nyongeza. Windows 11 nayo haikubali kila mashine: hudai kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, kumbukumbu ya angalau gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64, na kwa upande wa Intel, orodha ya vichakataji vinavyokubaliwa rasmi huanza karibu yote kwenye kizazi cha nane. Sasa nanyi mnajua, pengine kuliko mimi, ni kompyuta ngapi za ex-UK, yaani zilizokwisha kutumika Uingereza, zilizo madukani mwetu zenye kizazi cha sita na cha saba. Si mbaya. Nyingi ni imara, na kwa kazi ya kuandika barua zitadumu. Lakini kumuuzia mashine hiyo Sacco inayoshika fedha za watu, bila kumweleza jambo hili, ni kumtegea bomu na kumwachia nambari yako ya simu. Katika ziara yenu ya kwanza hesabuni mashine alizonazo, mziandike kwa vizazi, kisha katika wasilisho mwonyesheni zipi zinaweza kuhamishiwa mfumo mpya, zipi zinahitaji tu kuondolewa diski ya zamani na kuwekwa SSD, ile diski ya kisasa yenye kasi zaidi, na zipi zistaafu. Muuzaji anayemwambia mteja kwamba mashine tano kati ya alizonazo hazihitaji kubadilishwa amepoteza mauzo ya mashine tano, na nina hakika kwamba ukurasa unaofuata atasikilizwa kwa masikio mengine.

Nimetaja ex-UK, basi niongeze kwamba Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumwonyesha mnunuzi kwamba bidhaa ni mpya ilhali imetumika au imekarabatiwa. Andikeni imetumika palipotumika. Hakuna aibu yoyote.

Mashine zinazostaafu zina ubishi wake. Diski ya Sacco ina majina, nambari za vitambulisho, mikopo na wadhamini wa watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa hizo azilinde, na zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Kwa hiyo, kampuni inayojitokeza na kusema kwamba itafuta diski za zamani kwa programu inayofaa, au itazivunja mbele ya afisa wa Sacco na kumpa hati yenye nambari za diski hizo, inazungumza juu ya hofu halisi ya meneja. Washindani wengi hawataligusa jambo hili kabisa, kwa sababu fikira zao zimejaa mashine mpya.

Bei nazo. Watu huniuliza kama bei ziwekwe ndani ya wasilisho au zifichwe hadi mwisho. Maoni yangu ni kwamba ziwekwe, lakini ziwe bei za kazi aliyo nayo mteja huyo na si orodha nzima ya duka. Onyesheni kama VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 imo au haimo, maana hakuna kitu kinachovuruga kikao kama mhazini anayegundua akiwa nyumbani kwamba shilingi laki tano zilikuwa laki tano na themanini elfu. Onyesheni gharama ya leseni za programu kando, ya usakinishaji kando, na ya huduma ya baada ya dhamana kando. Semeni kwamba mnatoa ankara ya eTIMS, yaani ya mfumo wa kielektroniki wa KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Tangu mwaka 2024 matumizi yasiyo na ankara hiyo kwa kawaida hayakubaliwi na KRA katika hesabu za kodi, na mhasibu wa mteja anayajua haya vizuri. Kisha fafanueni masharti ya malipo. Kama mnapokea LPO, yaani hati ya mteja ya kuagiza bidhaa, na kusubiri malipo siku 30, andikeni 30, na kama hamna mtaji wa kusubiri, semeni mapema badala ya kukubali kwa tabasamu na kuanza kumpigia mteja simu kila asubuhi baada ya wiki mbili.

Swali la duka la Luthuli litakuja, na ni heri mlijibu kabla halijawatoa jasho. Mjumbe mmoja wa halmashauri ya Sacco atasema kwamba ameiona mashine hiyohiyo kwa bei ya chini, na mara nyingi atakuwa anasema kweli. Msilitukane duka hilo. Wako wauzaji waaminifu pale, na huenda mjumbe huyo ni jamaa yao. Jibu ni kurudi kwenye siku mbaya: katika tofauti hii ya bei kuna mashine ya kuazima, kuna safari za fundi hadi Machakos, kuna kukaguliwa kila baada ya miezi mitatu, na haya ndiyo maandishi yake. Mkiwa mlikwisha kueleza siku mbaya kwa ukamilifu, tofauti ile ina maelezo. Mkiwa hamkueleza, hakuna maneno yatakayoiokoa, na kupunguza bei papo hapo kutamfanya mjumbe ajiulize mlikuwa mmeificha wapi.

Kuhusu slaidi zenyewe sitasema mengi. PowerPoint imekuwapo tangu mwaka 1987, na makosa yake yamekwisha kujulikana: herufi ndogo, maneno mengi, msomaji aliyewapa watu mgongo akisoma ukuta. Mkitengeneza kurasa nane hadi kumi, kila moja ikiwa na jambo moja na herufi zinazosomeka kutoka kiti cha nyuma, yatosha. Picha ziwe za karakana yenu na mafundi wenu. Ukurasa wa siku mbaya uwe mchoro mmoja unaoonyesha simu, fundi, muda na mashine ya kuazima, bila mapambo. Lugha iamuliwe na waliopo chumbani. Halmashauri nyingi zina wazee waliobobea katika biashara na ukulima lakini hawana haja na misamiati ya Kiingereza ya kompyuta, nao ndio wanaopiga kura. Zungumzeni nao Kiswahili kinachoeleweka, mwaite mzee mzee na mama mama, na ukurasa wa vipimo vya kiufundi mmwachie kijana wao wa kompyuta asome kwa wakati wake.

Nendeni wawili, muuzaji na fundi. Hili nalisisitiza kwa wakurugenzi waliopo, kwa sababu najua mtasema kwamba fundi ana kazi karakana. Yule atakayekuja siku ya hitilafu aonekane siku ya ahadi, naye aeleze kwa kinywa chake utaratibu wa huduma hata kama hana ufasaha. Mteja akimuuliza swali gumu, fundi atajibu anachokijua, na asichokijua ataandika na kuahidi jibu kesho yake. Muuzaji akae kimya wakati huo, jambo ambalo wengi wetu hulipata kwa shida.

Fanyeni mazoezi mara kadhaa mbele ya mtu wa kampuni asiye wa mauzo, kwa mfano mhasibu wenu, mkimpa ruhusa ya kuwakatiza. Beba kebo ya HDMI na kiunganishi cha VGA, maana kumbi nyingi za mikutano bado zina projekta za zamani. Beba ekstensheni. Beba wasilisho kwenye kompyuta, kwenye flashi na kwenye karatasi, ili stima ikipotea muendelee kwa karatasi bila kuomba radhi nyingi. Kampuni ya kompyuta inayoshindwa kuwasha projekta mbele ya mteja mpya imeshajibu lile swali la nitampigia nani, na jibu si zuri.

Mwisho kabisa, wekeni nguvu katika karatasi mtakayoiacha. Uamuzi haufanywi mkiwa chumbani. Hufanywa Alhamisi nyingine, katika kikao ambacho hamkualikwa, na mhazini au katibu ndiye atakayeulizwa na wasiokuwapo mlisema nini. Mpeni kurasa mbili: mmoja wa siku mbaya wenye majina, nambari za simu na muda wa kufika, na wa pili wa bei na masharti. Ziandikeni kwa namna ambayo mtu asiyewahi kuwaona anaweza kuzisoma kwa sauti na kueleweka. Makadirio rasmi ya bei yatumwe siku hiyohiyo kabla ofisi hazijafungwa, pamoja na nakala ya cheti cha usajili, PIN ya KRA na cheti cha kutimiza ulipaji kodi, ili asiwepo wa kusema kwamba faili lenu halijakamilika. Asubuhi inayofuata, fundi ampigie kijana wao wa kompyuta kumpa majibu ya maswali yaliyobaki, na muuzaji ampigie karani wa dirishani kumshukuru, kwa sababu yeye ndiye aliyewaonyesha mahali pa kuanzia.

Mheshimiwa Mwenyekiti, niko tayari kupokea maswali.